Kichala Alichokiacha Solange

Nilikiona kichala cha zabibu chini ya majani, cheusi, kimejaa, kwenye mstari ambao mke wangu Solange alikuwa ametoka kuuchuma. Roho iliniuma. Tangu tuoane hajawahi kusahau hata kimoja. Basi, nikajiambia, na macho nayo yameanza kumtupa mkono.

Shambani kwetu ukisahau kichala, atakayekiona anakuponda nacho usoni, kisha anakubusu mbele ya wachumaji wote. Msimu ule tulipokutana, msichana huyu alisahau vichala mpaka baba yangu akataka kumfukuza.

Kesho trekta linakuja kung'oa mizabibu yote. Divai yetu haina mnunuzi tena, hata hapa Bordeaux penye sifa ya divai. Sikutaka siku ya mwisho ya Solange kuchuma iishie kwenye aibu. Nikakikata kichala kimyakimya, nikitupie ndooni.

"Mzee, mbona umeganda? Umeona nyoka?" wachumaji wakanitania.

"Hamna kitu."

"Muongo wewe!" Ilikuwa sauti ya mke wangu.

Nikageuka. Solange alikuwa amesimama nyuma yangu, miwani ameshaivua, uso ameuinua, macho ameyafumba.