Goti la Mama

Fundi Towo aliponiita nikaione fremu ya baiskeli yangu, nilikimbia na kanga ya jikoni kiunoni. Nyepesi ajabu! Niliinyanyua kwa vidole viwili, nikapiga kigelegele hadi majirani wakachungulia.

Tangu uchimbaji wa madini upigwe marufuku, kila familia hutumia titani, chuma cha viungo bandia, iliyotolewa miilini mwa marehemu wake tu. Bomba la juu la fremu lilikuwa nyonga za bandia za Bibi Ndeonasia. La chini, vyuma vya mguu wa baba mdogo, aliyevunjika akikwea Mawenzi. Sasa ningepanda nao wote hadi kileleni Kibo!

“Umebaki usukani,” fundi alisema. “Titani imepungua, kama gramu mia nne hivi.”

“Na kibali changu cha kupanda kinaisha Desemba!”

Mama, aliyetuletea bakuli za mtori, alijipapasa goti la kulia, lile la bandia. “Si hili hapa? Siku zangu zikifika mtalichukua.”

Tulicheka sote. Kisha fundi akachukua futi, akapiga magoti mbele ya mama, akaanza kulipima.

Nami, Mungu anisamehe, nikauliza, “Linatosha?”