Mto wa Kochi la Mama Mkwe

"Mtu mzima na akili zake anafundishwa kubana mkojo!" Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nimezaa saba, na sijawahi kushikwashikwa na mtu wa mazoezi."

Nilikuwa nimetoka kumwambia kuhusu mtaalamu wa mazoezi wa kliniki, anayenifundisha kukaza misuli ya nyonga. Tangu nijifungue, nikipiga chafya tu nguo zinalowa, na harufu yangu mwenyewe inanitia kinyaa.

Kicheko kikageuka kikohozi. Ghafla akainuka, akaugeuza mto wa kochi aliokuwa ameukalia bila hata kuutazama, kama mtu aliyezoea, akakimbilia chooni.

Upande uliokuja juu ulikuwa na madoa ya zamani, duara la njano ndani ya duara, kitambaa kimekakamaa kama gamba. Harufu ikanipanda puani, nikaziba mdomo nisitapike. Hapo ndipo ninapomlaza mwanangu kila Jumapili!

Aliporudi amebadili gauni, alinikuta nimeushika mto kwa ncha za vidole.

"Mama, hii nini?"

Akautazama mto, kisha sakafu.

"Huyo mtu wako wa mazoezi," akauliza kwa sauti ndogo, "ni mwanamke?"