Mraba wa Saba

Ghita aliangusha taulo katikati ya hamamu, bafu la umma la wanawake, akampa mgongo mama wa mchumba wake, yule aliyevunja uchumba wao.

Daktari alikuwa amemchora miraba kumi ya wino mgongoni na kubandika kitu tofauti katika kila mmoja, aone ni kipi kinachomdhuru. Tisa haikuwa na dhara lolote. Wa saba ulikuwa umevimba, mwekundu, umejaa malengelenge.

"Hapa palibandikwa mafuta ya sufu ya kondoo," Ghita alisema. "Ndiyo yaliyomo katika dawa uliyonipaka wewe. Kisha ukawaambia hawa nina ukoma."

Wanawake waliacha kujisugua.

"Mwongo we! Dawa yangu imeponya nusu ya mji wa Fez. Ngozi yako ndiyo mbovu!"

"Basi nipake tena." Ghita akafungua kopo la dawa ile alilokuja nalo, akanyoosha mkono usio na doa. "Hapa, mbele yao. Ijumaa wote watarudi kuoga, nami nitakuja na mkono huu."

Mama akashusha sauti. "Mwanangu, ya nini haya? Twende nyumbani tuzungumze. Posa itarudi."

"Mwanao baki naye. Mimi nataka kidole chako humu."

Mama akaficha mikono ndani ya taulo lake. Bibi mmoja kando ya birika akakohoa.

"Mpake basi, mwenzetu. Kwani si dawa?"