Mpangaji Mwema

Vitunguu havikuwa vya kuliwa. Vilikaangwa tu, na wateja wakishaaga, Mpangaji alivitupa, akaosha kikaango na kukirudisha kwenye boksi lake.

Wateja wa kwenye simu hawanusi harufu, lakini Dalali alikuwa na imani yake: nyumba isiyopikiwa hujulikana hata ukiwa ng'ambo. Jina la Mpangaji ni yeye Dalali aliyempa. Kazi ilikuwa kukaa. Aanike nguo kibarazani, apange viatu mlangoni, kisha asimame jikoni akikata vitunguu huku Dalali akizunguka na simu, akiwaonyesha watu wa kwao, walioko mbali, nyumba za kununua ughaibuni.

"Pesa ikilala nyumbani inaota kutu," Dalali alikuwa akiwaambia. "Huku unanunua leo, mpangaji yumo ndani tayari, kodi inakufuata umejilaza kitandani. Si mnamwona wenyewe? Anapika."

Walimwona mgongo tu. Uso ulikuwa mwiko, maana mgongo ule ule ulishauzwa pamoja na nyumba zile zile kwa watu chungu nzima, na kila mmoja aliamini ni mpangaji wake peke yake.

Mwanzoni aliiona kazi nyepesi. Akasema moyoni kwamba wenye pesa za kununua nyumba ng'ambo hawalali njaa. Kisha akaja yule mzee.

Alikuja mchana kweupe, bila taarifa, na begi la safari. Mpangaji alisikia ufunguo ukiingia kwenye kitasa, ukazunguka, ukagoma. Ukatolewa, ukafutwa, ukaingizwa tena.

"Hodi, mwanangu," mzee akasema kwa adabu zake zote. "Usiogope. Ni mimi, mwenye nyumba."

Mpangaji alijikunyata nyuma ya mlango wa jiko, kiganja mdomoni. Mzee alibisha, akapumzika, akabisha tena. Mwishowe magurudumu ya begi yakasikika yakiburuzwa kwenye korido, polepole, mpaka yakapotea.

Mzee mwenyewe hakupotea. Dalali alimhamishia Mpangaji nyumba nyingine, na mzee akahama naye. Kila alipobaki peke yake, ufunguo ulianza: kuingia, kuzunguka, kugoma. Akifungua mlango, korido tupu. Usingizi ukampa kisogo, chakula kikamshinda, akakonda hadi yeye mwenyewe akawa anaogopa kupita mbele ya kioo. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kurudi kwa mama yake. Na pasipoti yake ilikuwa kwenye koti la Dalali.

"Tuuze hii moja, uende zako," Dalali alimwahidi. "Pasipoti na tiketi, papo hapo. Mimi mtu wa kwenu, nitakudhulumu?"

"Mtu wa kwetu ndiye anayejua pa kunibana," Mpangaji alijibu, na Dalali akacheka kama aliyesifiwa.

Alimpigia mama yake, sauti tu kama kawaida, asionekane alivyokwisha. "Mama, nakaribia kurudi."

Mama akamtuliza. "Usiwe na pupa, mwanangu. Kaa huko huko kwanza. Subira huvuta heri."

Lilimkata maini neno lile. Miaka yote mama ndiye aliyekuwa akimlilia arudi.

Siku yenyewe ilipofika, alipiga deki mara mbili. Alikusudia kuuza. Kitunguu cha kwanza kilimchoma macho. Akachukua ganda lake, akajibandika utosini, dawa ya machozi aliyoizoea tangu utotoni.

Dalali alimwona, akabana kicheko. "Liache hapo hapo. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa akiwa kwake."

Akachomeka waya za simu masikioni, akaanza kuzunguka. Mpangaji alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Ndiyo... Yuko peke yake, hana makelele... Ah, kulewa? Huyu! Hata soda anaiogopa... Na hapa ndipo jikoni."

Kisha Dalali akasikiliza kwa muda mrefu, simu ameielekeza kichwani kwa Mpangaji. Mlangoni ufunguo ukaanza. Ukaingia. Ukazunguka. Mpangaji akakaza macho kwenye kisu na kuendelea kukata, akimwomba mzee kimoyomoyo amwachie leo tu.

"Sawasawa kabisa! Basi mpwa wako atume hizo pesa, mimi nipo," Dalali akasema. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Akausoma, akatabasamu, akatoa pasipoti kwenye koti na kuiweka mezani, karibu na vitunguu, na tiketi ndani yake.

Mlangoni kukawa kimya. Kimya cha kweli, ambacho hakuwa amekisikia tangu siku ile. Mpangaji akajifuta mkono, akaishika pasipoti, akaikumbatia kifuani kama mtoto. Kesho angekuwa kwa mama.

"Bimkubwa anataka kumsalimu mpangaji wake," Dalali akanong'ona, akichomoa zile waya. "Jibu tu kwamba nyumba ni tulivu."

Sauti ikajaa jiko zima.

"Hodi, mwanangu. Wala usigeuke, endelea na mapishi yako. Nilikuwa nasitasita, lakini nilipoona hilo ganda utosini nikasema basi, hii ndiyo nyumba: binti yangu yuko huko huko, ndiye ninayemnunulia, na ujinga huo wa ganda nilimfundisha mimi."