Kidole cha Jana

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Juni, saa nne asubuhi, fundi viatu alipokwenda zahanati kufuta jina la marehemu mkewe.

"Mzee, mashine inasema mama yuko hai," alisema karani. "Jana kaja kuchukua dawa. Kaweka kidole mwenyewe."

"Mwanangu, nimemzika kwa mikono hii, miezi minne sasa! Hao wakubwa wenu wanawaletea mashine zisizojua hata kaburi?"

"Usinigombeze mimi, baba. Tazama."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Alama ya dole gumba ilikijaza chote, na katikati ulipita mstari mweupe uliopinda. Ni kovu la siku ile mkewe alipomsaidia kukata soli, kisu kikamteleza.

Fundi alitaka kutukana, badala yake akasogeza uso karibu na kioo. Mashine ni za uongo, hilo alilijua. Na kovu lile pia alilijua, jeraha lake alikuwa amelifunga kitambaa yeye mwenyewe.

"Sasa nimfute, mzee, au nimwache?"

Akainama dirishani, akanong'ona kama anayemuulizia mgeni aliyepishana naye.

"Jana, alipotoka hapa, alishika njia ipi?"