Mguu wa Mwenyekiti

Mwenyekiti Silvano alivunjika mguu Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya kijiji kizima kwenda kusomba mawe ya zahanati. Aliteleza juu ya bibo bovu mlangoni pake, akapiga ukelele uliosikika hadi barabara ya Chiungutwa.

Mkewe, Josephina, alitoka jikoni mbio. "Baba Julia, ngoja niite bodaboda twende Masasi, wakakupige eksirei."

"Eksirei ya nini?" Silvano aling'aka, goti kalikumbatia. "Wazee wetu walipigwa eksirei gani? Niitie Bibi Sikuzani!"

Josephina alishangaa. Huyu ndiye aliyesimama kila mkutano akisema waganga wa mifupa ni ushamba wa zamani. Lakini mtu mwenye maumivu habishiwi. Akaenda.

Bibi Sikuzani hakuwa ameitwa kwa mgonjwa miaka tisa. Watu walikimbilia plasta za hospitali, yeye akabaki na kuku wake. Alifika na mianzi iliyopasuliwa, kamba za gome la myombo, mafuta ya nyonyo, na tetea mwekundu kwapani.

Alimpapasa mgonjwa kutoka gotini hadi kifundoni, macho kayafumba. Silvano alikuwa ameanza kulia kabla hajaguswa.

"Umevunjika vibaya, Mwenyekiti."

Kilio kikakatika. "Kweli, Bibi?"

"Vibaya sana."

Akaubana mguu kwa mianzi, akaukaza kamba mpaka vidole vikavimba. Kisha akaenda na tetea nyuma ya nyumba. Kuku alipiga kelele mara moja. Waliporudi, naye alikuwa kafungwa vijiti mguuni.

"Kanuni ya zamani mnaijua," Bibi aliwaambia majirani waliojaa uani. "Kuku huvunjwa pale alipovunjika mtu, wakauguzwa pamoja. Siku kuku akitembea bila kuchechemea, mtu anafunguliwa. Akifunguliwa kabla, mguu unapinda, hauungiki tena. Na chakula chake ni uji wa mtama. Usitiwe sukari."

Silvano aliipenda kanuni ile. Kila aliyekuja kumpa pole alisimuliwa upya, mpaka watoto wakaijua kwa moyo. Ujenzi aliuongoza kwa simu, chali mkekani, akiwakaripia wavivu. Josephina alisomba mawe yake na ya mumewe, akarudi jioni kumwosha, kumnywesha uji na kumpunga nzi. Shingo ilimuuma hata kusali akasali ameinama.

Wiki ya tano, kuta zikiwa zimefika madirishani, habari ikaja: Jumamosi mgeni rasmi angeweka jiwe la msingi. Kungekuwa na ngoma, pilau na wapiga picha.

Silvano aliketi wima kwa mara ya kwanza. "Mwite Bibi anifungue! Sisikii maumivu hata chembe."

Bibi Sikuzani alikuja. Majirani nao wakaja. Akamfungua kuku vijiti, akamwachia katikati ya uwanja. Tetea alipiga hatua tatu, zote za kuchechemea.

"Bado," Bibi akasema, akimfunga tena.

"Kuku ndiye bado! Mimi nimepona!"

"Mtu huweza kudanganya maumivu, Mwenyekiti. Kuku hawezi."

Majirani wakaitikia kwa vichwa. Aliyewakaririsha kanuni alikuwa Mwenyekiti mwenyewe. Silvano alitazama mlango, akatazama watu, akajilaza tena polepole.

Jumamosi alisikiliza vigelegele kupitia ukutani. Mgeni rasmi alimshika mkono Josephina, akapigwa naye picha, akawaomba wote wamwombee Mwenyekiti apone.

Jioni Josephina alimsindikiza Bibi Sikuzani, aliyekuwa amembeba tetea kumrudisha bandani. Alikuwa amechoka, na huruma ilimjaa.

"Bibi, usinifiche. Mfupa wa Baba Julia utaunga lini?"

"Mfupa upi, mwanangu? Mguu ule ni mzima tangu siku ya kwanza."

Josephina alisimama katikati ya njia. Akamtazama yule tetea na vijiti vyake.

"Sasa kuku wa watu ukamvunja bure?"

"Nani kamvunja?" Bibi Sikuzani alimpangusa kuku vumbi mgongoni. "Huyu alianguliwa hivihivi. Atachechemea mpaka siku ya kuingia chunguni."