Mianzi ya Kaka Maetia

Pu! Pu! Pu! Kabla sijaliona kaburi la kaka yangu Maetia, nilisikia ndala zikipiga midomo ya mianzi. Ilikuwa bendi yake, ile niliyoihama nikiicheka kwamba ni muziki wa viatu.

Kila zamu ya Maetia ya kupiga ilipofika, wenzake waliiacha wazi.

Wimbo ulipoisha, mjane wake aliinua shoka juu ya mianzi ya Maetia. Kijijini kwetu, mianzi ya marehemu asiye na mrithi huvunjwa.

"Shemeji, ngoja!"

"Wewe, bwana magitaa wa mjini Honiara? Si ulisema tunapiga viatu?"

Niliokota ndala aliyopigia kaka. Kidole gumba cha mkono wake kilikuwa kimechimba shimo kwenye soli. Changu kiliingia, kikapwaya.

"Usiivunje, shemeji. Sirudi Honiara. Nitajifunza, hata watoto wakinizomea."